Samaki wa Mvua ni Riziki ya Nani?

Mvua za Novemba zikishapiga bonde la Lufira huko Katanga, Kongo, samaki wa ziwa Tshangalele husogea ukingoni. Sababu zake hazina uchawi. Maji hupanda na kufunika majani yaliyokauka tangu Mei. Minyoo, panzi na kumbikumbi husombwa na kuingia ziwani. Mawingu hupunguza mwanga, na maji yaliyovurugika humwondolea samaki hofu ya kina kifupi. Juu ya chakula kuna uzazi. Kambale hupanda usiku kwenye majani yaliyofurika ili atage, perege dume huchimba kiota mchangani mahali ambapo maji hayamfiki mtu kiunoni, na makobo, yule samaki wa mdomo mpana anayekula wenzake, huwafuata wadogo hukohuko. Kwa hiyo mtu wa wilaya ya Kambove mwenye ufito, uzi na ndoano, asiye na mtumbwi wala pesa ya kuukodi, hupata mwezi wa Desemba akiwa amesimama kwenye matope kile ambacho mwezi wa Julai mwenye mtumbwi hukihangaikia kutwa nzima. Hapo linazuka swali ambalo wavuvi, makatekista na masheikh wamelijibu kwa vitendo muda mrefu kuliko walivyolijibu kwa maneno: kilicholetwa na Mungu mpaka miguuni pa mtu, je, amepewa? Wengi hujibu ndiyo bila kusita. Mimi nasema wepesi wa kukipata kitu si idhini ya kukitwaa, tena unamfunga mtu zaidi kuliko ugumu. Na nasema pia kwamba anayesimama ukingoni na ndoano ana haki ambayo aliyeziba mdomo wa kijito kwa wavu hana.

Hoja ya wanaosema ndiyo ina nguvu na haifai kudharauliwa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, walisema wazee, wakimaanisha kwamba ukingo wa maji humlisha kila anayejituma. Zaburi zinamwonyesha Mungu akifumbua mkono wake na viumbe vyote vikishiba kwa wakati wao. Msikitini mtu hufundishwa kwamba hakuna kiumbe kitembeacho ardhini ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Mvua haitumwi na mtu, samaki wa ziwa hafugwi na mtu, na anayevua mbele ya miguu yake hajamnyang'anya jirani. Basi anayekataa kupokea ndiye mwenye kiburi, kama mgeni anayekaa mezani na kukikodolea macho chakula alichopakuliwa. Hoja hii ina kosa moja tu, lakini ni kosa la kwenye msingi. Inadhani kwamba kitu kikiwa karibu, kimekusudiwa kwa aliye karibu. Samaki hakuja ukingoni kwa ajili ya mvuvi. Amekuja kutaga na kula. Mvua ilipomleta ilikuwa na shughuli yake, na mvuvi ameikuta shughuli hiyo ikiendelea. Akitaka kuiita riziki yake, hana budi kusema kwanza ni sehemu gani ya shughuli hiyo iliyo yake, na ni sehemu gani inayopita mbele yake ikienda kwa wengine, wakiwemo ambao hawajazaliwa.

Kuna kisa katika Kurani ambacho kinalijibu swali hili kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya wavuvi. Sura ya Al-Aaraf, aya ya 163, inataja mji uliokuwa kando ya bahari, ambao watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Siku hiyo ndiyo samaki walikuja juu juu, wakionekana waziwazi, na siku nyingine hawakuja. Wafasiri wanaeleza namna watu wa mji ule walivyoitafutia amri mlango wa nyuma: walitega nyavu au kuchimba mabwawa Ijumaa, samaki wakaingia Jumamosi, nao wakawakusanya Jumapili huku wakijisifu kwamba hawakugusa kitu siku iliyokatazwa. Kinachonishika katika kisa hiki ni kwamba wingi wenyewe ndio uliokuwa mtihani. Samaki wangekuwa wachache siku ya Sabato, amri isingemgharimu mtu chochote. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinafundisha jambo lilelile kwa mana: kila mtu aliokota kadiri ya haja yake, aliyelimbikiza kwa kesho yake akakuta imeota mabuu, isipokuwa siku ya sita ambapo kulimbikiza kuliamriwa. Vitabu hivi viwili, ambavyo wenyewe wanabishana juu ya mengi, vinakubaliana kwamba chakula kikishuka kwa urahisi huja na kipimo chake na saa yake, na kwamba anayetazama chakula bila kutazama saa amepokea nusu tu ya alichopewa, tena ile nusu inayoharibika upesi.

Kumbukumbu la Torati linakwenda karibu zaidi na jambo letu. Katika sura ya 22 mtu aliyekuta kiota njiani, ndege akiwa ameyalalia mayai au makinda, anaruhusiwa kuchukua makinda lakini anaamriwa amwache mama aende zake. Ni amri ndogo, na imeahidiwa thawabu ileile ya anayewaheshimu wazazi wake, yaani heri na siku nyingi. Wanazuoni wa Kiyahudi walijadiliana sana kuhusu sababu yake. Maimonides, katika karne ya 12, aliona huruma: mnyama mama huumia akitenganishwa na wanawe kama mwanadamu anavyoumia. Nahmanides, katika karne ya 13, alikazia tabia ya mtu mwenyewe, asije akazoea ukatili, akaongeza kwamba Maandiko hayaruhusu kuteketeza aina nzima ya kiumbe hata pale yanaporuhusu kumchinja mmoja wake. Sioni haja ya kuchagua kati yao. Ninachokiona ni kwamba amri hii inamhusu mtu aliyekuta kitu pasipo kukitafuta. Hakupanda mlima, hakutega mtego. Kiota kilikuwa njiani. Mama ambaye angeruka na kumponyoka siku nyingine yoyote ameshikwa siku hiyo na mapenzi yake kwa mayai. Anayemchukua anatumia uzazi wa mama kama chambo, na hilo ndilo Torati inalolikataa. Samaki aliyejaa mayai kwenye maji yanayofika magotini yuko katika hali ileile.

Hapa inafaa kuwatazama samaki wenyewe, kwa sababu uzazi wao haufanani, na sheria isiyojua tofauti hiyo huwaonea watu bila kuwaokoa samaki. Kambale jike hubeba mayai makumi ya maelfu, huyabandika kwenye majani yaliyozama, kisha huondoka; mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili, na hakuna anayeyalinda. Perege wa Lufira, yule ambaye kwenye masoko ya Katanga huitwa “pale”, hufanya kinyume. Dume husafisha mchanga na kuulimbika kuwa kiota, jike hutaga mamia tu ya mayai, kisha huyakusanya yote mdomoni mwake na kwenda kujificha nayo kwenye matete mpaka vifaranga waweze kuogelea. Muda huo wote hali chakula, au hula kidogo mno. Makobo jike naye hulea mdomoni. Akikokotwa na wavu, hutema. Mayai ya rangi ya manjano humwagika kwenye matope ya ukingo, madogo kama punje za mtama, na hakuna mkono unaoweza kuyarudisha. Lakini ndoano ni jambo jingine. Ndoano yenye mnyoo humpata samaki anayetaka kula, na jike aliyefunga mdomo kwa ajili ya wanawe hataki kula. Mvuvi wa ukingoni, bila kusoma kitabu chochote cha samaki, ameshika kifaa ambacho kwa asili yake humpita mama. Wavu haumwulizi samaki kama ana njaa. Ndiyo maana nasema kwamba katika mvua hiyohiyo, kwenye ukingo huohuo, watu wawili wanaweza kuvua na mmoja awe amepokea riziki, mwingine awe ameipora.

Hata hivyo ndoano nayo haina usafi wa moja kwa moja, na ushahidi unatoka kwa samaki mwingine wa mdomo mpana, bass wa Marekani, ambaye aliletwa Kenya na kutiwa ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Wamarekani humpenda sana, na wengi huamini kwamba siku ya mvua nyepesi, maji yakiwa na mawimbi madogo na mwanga ukiwa hafifu, ndiyo siku ya kumvulia kutoka ukingoni. Kwa bass anayelinda ni dume. Jike akishataga, dume hubaki juu ya kiota akifukuza kila kinachokaribia, na huigonga ndoano kwa hasira ya ulinzi hata kama hana njaa. Watafiti wa Amerika ya Kaskazini wameonyesha kwamba dume akiondolewa kwa dakika chache tu, samaki wengine huvamia na kula mayai, hata kama mvuvi atamrudisha majini akiwa mzima. Na baadhi ya sehemu za jimbo la Ontario, Kanada, zimezoea kufunga uvuvi wa bass mpaka mwezi wa Juni kwa sababu hiyo. Kwetu mpende, ndugu wa “pale”, hulinda kiota kwa namna hiyo, dume na jike pamoja. Kwa hiyo siwezi kusema ndoano imetakaswa. Nasema inampa mvuvi nafasi ya kujua anachofanya: samaki mmoja kwa wakati mmoja, mkononi, akiwa hai, na aliyemshika anaweza kumtazama tumbo na mdomo kabla ya kuamua. Uamuzi huo hauna nafasi katika wavu uliotegwa kijitoni usiku kucha na kuinuliwa alfajiri. Wajibu hauwezi kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuchagua, na mimi naona kwamba kujiondolea uchaguzi kwa makusudi ni kosa linalotangulia kosa lenyewe.

Huenda mtu akaniambia kwamba haya ni mahubiri tu, maji ni mapana, na mwanadamu na ndoano zake na nyavu zake hawezi kuyamaliza. Luapula inajibu. Mto huo, unaotenganisha Katanga na Zambia na kumwaga maji yake ziwa Moero, ulikuwa na samaki aitwaye pumbu, ambaye wataalamu humwita Labeo altivelis na Waingereza walimlinganisha na samoni. Kila mwaka mvua zilipoanza, pumbu walitoka Moero kwa makundi makubwa na kupanda Luapula kwenda kutaga. Hawakuhitaji kutafutwa. Walipita kwenye njia ileile, msimu uleule, matumbo yakiwa yamejaa mayai, mbele ya macho ya kila aliyeishi kando ya mto. Kwa vizazi vingi watu walivua sehemu ya msafara huo na msafara ukaendelea. Kisha migodi ya shaba ikakua. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji kulisha maelfu ya wafanyakazi huko Elisabethville (Lubumbashi ya leo), Jadotville na Kambove. Wafanyabiashara Wagiriki wakaweka makao Kasenga, wakanunua samaki kwa boti na kuwapeleka mjini na barafu. Na mayai ya pumbu yaliyotiwa chumvi yakapata bei yake yenyewe. Katika miaka ya 1940 nyavu ziliwekwa kwenye njia ya msafara upande wa Kongo ya Wabelgiji na upande wa Rodesia ya Kaskazini, kila serikali ikiilaumu nyenzake. Ilipofika miaka ya 1950 msafara ule mkubwa ulikuwa umekwisha. Samaki yupo bado kama aina. Kilichokufa ni ule ujio wake. Mwanahistoria David Gordon ameieleza habari hii kwa kirefu katika kitabu chake cha 2006 juu ya Luapula na Moero, na kila nikiifikiria narudi kwenye neno moja: mayai. Watu hawakuridhika kumla samaki aliyekuja kutaga, wakaigeuza sababu ya kuja kwake kuwa bidhaa. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa zawadi inayoliwa pamoja na mkono unaoitoa.

Kitabu hicho cha Gordon kimepewa jina la Nachituti, na kisa chake kinafaa kukumbukwa hapa kwa sababu kinaonyesha kwamba watu wa maji haya walikuwa na falsafa ya umiliki kabla ya amri ya Wabelgiji ya 1937 juu ya uwindaji na uvuvi. Nachituti alikuwa dada yake Nkuba, bwana wa Washila, wavuvi wa Moero. Nkuba alimwua mtoto wa dada yake. Mama akaenda kwa mfalme Mwata Kazembe kuomba kisasi. Kazembe akamwua Nkuba, na Nachituti akampa nchi na maji: kapu la udongo na mtungi wa maji. Hivyo Kazembe akawa mtawala. Lakini wenyeji wa kila ghuba na kila kidimbwi walibaki na kazi yao ya kutambika kabla uvuvi haujafunguliwa na kusema lini watu waanze. Zawadi ya maji ilihamisha enzi, haikufuta saa. Mtawala mpya alipokea maji pamoja na watu waliojua wakati wake, na hapakuwa na namna ya kupokea kimoja na kuacha kingine. Placide Tempels, padre Mfransisko aliyechapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu huko Elisabethville mwaka 1945, angeyasoma haya kama hesabu ya nguvu ya uhai, inayokua au kupungua kati ya Mungu, wahenga, watu na viumbe wengine. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville, yaani Likasi ya leo, si mbali na Kambove, alitufundisha kuwa waangalifu na Mzungu anayewasemea Waluba mawazo yao. Onyo lake nalikubali. Lakini hata bila Tempels, ushahidi wa matambiko unasimama kwa miguu yake: watu hawafungi ghuba kwa dua kama wanaamini kwamba samaki aliye karibu ni ruhusa tosha.

Pingamizi zito kuliko yote ni la njaa, na anayelipita kwa haraka hajui Kambove. Mwenye njaa hana miiko. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, iliporomoka katika miaka ya 1990, na mpango wa kuwaachisha watu kazi ulioanza 2003 uliondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika miji ya shaba ya Katanga, Kambove ukiwa mmojawapo. Familia zilizokuwa zikipewa unga, shule na hospitali na kampuni zilibaki na mashamba madogo, mkaa, kuchimba kwa mikono, na maji. Miezi ya mvua ndiyo miezi ya njaa: unga wa mwaka jana umekwisha, mahindi mapya hayajakomaa, na bukari, yaani ugali, bila mboga haimshibishi mtoto. Kumwambia mama wa nyumba hiyo kwamba samaki aliye mbele yake ana mayai na amwache apite ni jambo ambalo hakuna mwenye dini anayepaswa kulisema akiwa ameshiba. Nakubali zaidi ya hapo. Sheria zote mbili nilizozitaja zinamjua mwenye njaa. Kurani inaondoa dhambi kwa aliyelazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka; na katika Injili Yesu aliwatetea wanafunzi wake waliovunja masuke siku ya Sabato kwa sababu walikuwa na njaa, akataja Daudi na mikate ya wonyesho. Lakini tazama kinachoruhusiwa katika visa hivyo: masuke yanayoliwa palepale, mkate wa siku hiyo. Njaa inafungua mlango wa chakula cha leo. Haifungui mlango wa magunia ya samaki wadogo waliokaushwa kwenda kuuzwa Lubumbashi, wala wa chandarua cha mbu kilichoshonwa kuwa kokoro la kufagia vifaranga. Na anayevua kwa njaa ya kweli karibu kila mara ndiye yule wa ukingoni mwenye ndoano, kwa sababu hana mtaji wa kitu kingine. Kwa hiyo njaa, ukiifuata mpaka mwisho, inatetea ndoano na kumwacha mwenye wavu wa kuziba bila wakili. Hata baraka ya mwenye njaa ina masharti ya kesho: mtoto anayelishwa Desemba hii ndiye atakayesimama ukingoni miaka 20 ijayo, na hakuna anayempenda ambaye angemwachia maji matupu.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalisikia kwa uchungu, kwa kuwa ni la haki. Kwa nini aulizwe mtu mwenye ndoano, na si wenye migodi? Mvua ileile inayoleta samaki ukingoni huosha pia marundo ya mabaki ya shaba na kobalti na kuyashusha mtoni. Utafiti uliochapishwa 2010 katika jarida la Tropicultura ulipima shaba, kobalti, risasi, kadmiamu, urani na metali nyingine katika bonde la Lufira ya juu na kukuta kwamba zimeingia katika mlolongo wa chakula, samaki wakiwemo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno mkojoni, watoto zaidi kuliko watu wazima. Na ziwa Tshangalele lenyewe ni mtoto wa viwanda: lilijaa nyuma ya bwawa la Mwadingusha, kituo kilichoanza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya kuyeyusha shaba. Mtu anaweza kusema kwamba maji yaliyotengenezwa na mashine na kutiwa sumu na mashine hayana utakatifu wa kulindwa. Naona kinyume. Bwawa lilijengwa na watu, lakini hakuna mhandisi aliyemfundisha “pale” kubeba mayai mdomoni. Uzazi ule uliingia katika ziwa la kampuni na kulifanya kuwa mahali pa uhai, na yeyote anayeamini kwamba uhai una mwenyewe hawezi kusema kwamba mwenyewe huyo alibaki nje ya uzio. Kuhusu sumu, ni kweli kwamba kosa la mgodi ni kubwa kuliko la mvuvi kwa vipimo vyote, na serikali inayomkamata mwanamke na chandarua huku ikiliacha bomba la taka limwage imepoteza haki ya kusema juu ya maji. Imepoteza haki hiyo. Lakini wajibu wa mvuvi haukutoka kwa serikali, basi hauondoki pamoja na heshima ya serikali hiyo. Tena anayemwacha mama apite ana neno la kumwambia mwenye mgodi ambalo aliyeziba kijito hana. Anaweza kudai maji safi kwa ajili ya samaki ambaye yeye mwenyewe amemwacha aishi.

Wengine, hasa katika makanisa ya maombi, husema kuhifadhi samaki ni kukosa imani: Mungu aliyelisha elfu tano kwa samaki wawili hashindwi kulijaza ziwa. Naiheshimu imani hiyo, na naiomba ikisome kisa hicho mpaka mwisho. Baada ya watu kushiba, Yohana anasimulia kwamba Yesu aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe ili kitu chochote kisipotee. Aliyetoka kufanya muujiza ndiye aliyekataza upotevu. Kama ambaye angeweza kuzidisha tena kesho aliona haja ya kukusanya mabaki, sisi ambao hatuwezi kuzidisha hata samaki mmoja tunatoa wapi ujasiri wa kumwaga mayai kwenye matope? Kwa wale wanaosema kwamba uhifadhi ni dini ya wageni, nimekwisha kuwajibu kwa matambiko ya Washila, na sitarudia.

Linabaki jambo la utekelezaji, ambalo ndilo linalolifanya swali hili kuwa la dhamiri zaidi ya sheria. Zambia hufunga uvuvi kwenye maji yake mengi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, na mkoa wetu wa Haut-Katanga nao hutangaza kufunga uvuvi wakati wa mvua. Tarehe ni lazima kwa serikali, kwa kuwa askari wa maji hawezi kumkamata mtu kwa kusoma mawingu. Lakini samaki hawasomi tangazo. Mvua zikiwahi, kambale hutaga Novemba, wiki mbili au tatu kabla ya kufungwa kwa uvuvi. Zikichelewa, mpende huwa bado yuko kwenye kiota Machi, siku ambayo redio inatangaza kwamba ruhusa imerudi. Katika mianya hiyo miwili hakuna sheria inayomlinda mama, na hapo ndipo nyavu nyingi huingia majini, kwa haraka ya kuwahi au kwa hamu ya kurudi. Anayejua kwamba uzazi umeanza ni mtu aliyesimama ukingoni mvua ikimnyeshea, anayeona duara za viota mchangani na kusikia kambale wakipiga majani usiku. Yeye ndiye mwenye saa, kama walivyokuwa wenyeji wa ghuba. Ningependa parokia na misikiti ya Kambove, Likasi na Mulungwishi, ambako Wamethodisti wana chuo chao, iwaulize watu hao mvua ya kwanza inaponyesha, na itangaze baada ya ibada wiki ambayo vijito viachwe wazi, ndoano zikiruhusiwa kwa chakula cha nyumbani na nyavu zikikaa nchi kavu. Tangazo kama hilo halitamfunga mtu jela. Litamfikia mtu akiwa bado hajatia wavu majini.